Safu Aliyoifuta Fidea

Mzee Lazaro Kihwele alilifikia lango la Mtaa wa Mitiki akiwa amegeuza koti ndani nje, sufuria nyeusi kichwani, shingoni kamba yenye makopo matupu yaliyogongana kila alipopiga hatua. Kelele zake zilimtangulia tangu kwenye kona.

"Nipisheni! Mateka wangu anajifanya amekufa! Nilimtuma maji ya kuoga, kaenda kulala! Nipisheni nikamwamshe kwa kofi!"

Waombolezaji waliokuwa wakiingia walicheka, wengine machozi yakiwa bado mashavuni. Ndivyo inavyotakiwa. Akifa Mngoni, mtani wake Mhehe haji kulia. Anakuja kuchokoza: atalala kaburini agome kutoka, atamsema marehemu kwa uchoyo na uvivu wake, atagombea nyama jikoni, mpaka mjane acheke bila kutaka. Mababu zao walipigana vita hadi wakachoka, ndipo wakaona heri watukanane na kuzikana. Kama hujawahi kumwona mtani msibani, pole, umekosa mambo.

Fidea, binti yake, alimfuata nyuma kidogo, khanga kiunoni, akitabasamu kwa kujilazimisha. Tangu utotoni alikuwa akimwonea haya baba yake anapovaa ile sufuria. Ukubwani haya hazikupungua, alijifunza tu kuzificha.

Kilalo ni mji wa paa. Jua la nje lilipokuwa halikaliki tena, watu wa nyanda za juu walihamia chini ya paa moja refu, na kila mtaa ukapewa lango lake la kioo. Lango linakutazama uso, linapima mwendo wako, linaiuliza Kanzi wewe ni nani kwa wakazi wa mle ndani, kisha linafunguka. Kanzi ndiyo kanzidata ya mji, lakini nani ana muda wa kusema neno zima? Humo mmeandikwa mtoto wa nani ni nani, nani aruhusiwe kumchukua nani shuleni, na kila neno ambalo watu wanatumiana kupitia kuta zinazosema. Watu wamezaliwa wakaikuta, wanaitegemea kama wanavyotegemea sakafu.

Lango lilimtazama mzee. Kisha likasema, kwa ile sauti yake ya upole isiyoisha kuudhi, "Samahani, mzee. Kwa usalama wa mkazi, hutapita."

"Haa! Hata lango nalo limekuwa Mngoni!"

Watu wakacheka zaidi. Mzee akarudi nyuma, akaja tena kwa mbwembwe, makopo yakilia. Lango likarudia maneno yaleyale, na safari hii kioo chake kikaandika kwa herufi ambazo hata mwenye macho mabovu angezisoma: HASIMU. MLINDWA: OSMUNDI GAMA.

Kicheko kilikatika. Mama mmoja mwenye kapu la mchicha alisogea pembeni, akampa mzee nafasi kubwa kuliko iliyohitajika. Wengine waliinamisha macho wakapita haraka, na lango likawafungukia mmoja mmoja bila neno. Hasimu, Kilalo, si neno la mchezo. Ni mtu anayepiga, anayevizia, anayetishia kuua.

Mzee Kihwele aliketi kwenye benchi la nje. Akaivua sufuria kichwani taratibu, akaipakata.

"Aliniandikisha," alisema. "Fidea, Osmundi aliniandikisha."

"Labda ni hitilafu tu, baba."

"Hitilafu gani? Si ninyi watu wa Kanzi mlitutangazia mtaani kwamba jina la hasimu haliandikwi na mtu mwingine, linaandikwa na mlindwa mwenyewe, kwa kinywa chake?"

"Ndivyo tulivyotangaza," alijibu Fidea.

"Basi alisema kwa kinywa chake. Nilikuwa naenda kumwona hospitali kila siku, namwambia usife bure we mla panya, nani atanifulia nguo. Naye anacheka hadi anakohoa. Kumbe moyoni yalikuwa yanamuuma." Mzee aliifuta sufuria kwa kiganja. "Miaka yote hiyo nilikuwa namuumiza mtu, na mimi nadhani tunacheza."

Ewe msomaji, hapo ndipo Fidea angesema. Neno moja tu lingetosha. Lakini ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na alichokisema ni, "Ngoja niingie ndani niulize," akanyanyuka akamwacha baba yake pale. Lango lilimfungukia bila kusita.

*

Mnataka kujua kwa nini hakusema? Kwa sababu ni yeye.

Fidea Kihwele alikuwa msanifu mkuu wa muundo wa Kanzi, na kazi aliijua barabara. Jedwali la maneno walilolijenga waasisi wa mji lilikuwa jepesi: safu ya kwanza nani kasema, ya pili kamwambia nani, ya tatu kasema nini, na ya nne, iliyoitwa utani, ilikuwa na ndiyo au hapana. Penye ndiyo, Kanzi haikuyajali matusi. Waasisi walikuwa Wahehe, Wangoni, Wanyamwezi, Wazaramo. Wasingeweza kujenga mji na kuusahau utani.

Lakini mji ulikua, na nyuma ya malango watu walianza kuumizana. Wanawake walipigwa na wanaume walioachana nao, na lango likawafungulia wapigaji kwa heshima zote kwa sababu Kanzi ilimjua ndugu na jirani tu, haikuwa na mahali pa kumwandika adui. Baraza likasema muundo ubadilishwe. Fidea akaubadilisha. Si kazi ndogo: huwezi kuuzima mji ili utengeneze jedwali lake. Unajenga jedwali jipya pembeni ya lile la zamani, unahamisha mistari kidogo kidogo watu wakiendelea kupita malangoni, unalinganisha, halafu siku moja unayageuza malango yote yasome upya. Ni kama kuezeka nyumba upya wenyewe wamelala ndani. Jedwali jipya lilikuwa na safu moja ya uhusiano: ndugu, rafiki, jirani, hasimu.

Nani aijaze? Wengi wa walioumizwa walikuwa waoga kushtaki. Basi Fidea aliielekeza mashine isome maneno yote ya zamani, na palipo na matusi na vitisho iandike hasimu. Mkuu wa idara, Bwana Chusi, aliona raia wakisikia maneno yao yamesomwa watakuja juu. Akatangaza kwamba mahasimu waliandikwa na walindwa wenyewe. Fidea alinyamaza. Uongo ulikuwa mdogo na kazi ilikuwa nzuri.

Na ile safu ya utani? Loo. Hapo ndipo penyewe.

Alikuwa amepanga kuihamisha. Siku hiyo walikuja wageni wa Muungano wa Miji ya Paa kuukagua muundo mpya, watu wa suti na manukato, na Fidea akawafungulia mistari michache ya jedwali la zamani ili waone. Mgeni mmoja, mwanamke mwenye miwani ya fedha, alisoma kwa sauti: "Osmundi, mla panya we, umeamka, au nikutumie mchimba kaburi?" Akasoma unaofuata, na unaofuata. Kila asubuhi ya Mungu, mzee yuleyule.

"Huyu mzee ni mgonjwa wa akili?" mgeni aliuliza. "Na hii safu ya utani ni nini?"

Jina la msemaji, Lazaro Kihwele, lilikuwa palepale kwenye kioo, ila wageni hawakujua jina la ukoo la Fidea.

"Ni mambo ya kishamba ya zamani," Fidea alijibu. "Tunayaondoa."

Wageni wakacheka. Naye akacheka nao.

Mchana huohuo aliifuta safu ya utani. Desturi ya kazi yao ni kwamba hufuti kitu cha zamani mpaka kipya kimekomaa, unaweka nakala. Fidea hakuweka. Hakutaka mgeni mwingine aje aone baba yake anavyoongea. Palepale watani wote wa Kilalo wakageuka, mbele ya mashine isiyojua mchezo, kuwa watu wanaotishiana kuuana.

Malalamiko yalikuja, machache. Anayeitwa hasimu mbele za watu hapigi kelele, anarudi kwake kimya. Waliojitokeza Fidea aliwaambia wafuate utaratibu. Baba yake yeye hakukutana na lango la Mitiki kwa sababu mwaka huo wote Osmundi Gama alikuwa amelazwa, na hospitali haiulizi Kanzi nani aje kumwona mgonjwa. Fidea alilijua hilo. Alikuwa akijiambia atalitengeneza kabla mzee Gama hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Sasa mzee Gama alikuwa amerudi, ndani ya jeneza.

*

Mama Kandida, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, macho makavu. Wanawake walimzunguka na hakuna aliyethubutu kuimba. Bakuli la uji lilikuwa pembeni yake, halijaguswa.

Alipomwona Fidea, uso ulichangamka kidogo. "Mtumwa wetu mdogo huyo kafika. Yule mkubwa yuko wapi?"

"Yupo, mama. Anakuja."

"Anakuja lini? Nimewazuia wasifunge jeneza kwa ajili yake. Osmundi aliniachia maneno. Aliniambia, nikifa, Lazaro asipokuja kunitukana, msinizike, maana nitajua bado sijafa." Alijaribu kutabasamu akashindwa. "Mwanangu, niambie ukweli. Tumemkosea nini? Kuna watu wanasema yuko langoni ameketi, hataki kuingia."

Nje mzee mmoja anadhani rafiki yake alimchukia. Humu ndani mjane anadhani rafiki amewasusia msiba. Na katikati yao yuko Fidea tu, msomi wa watu, anasema uongo kwa adabu.

"Anakuja, mama," alirudia, akatoroka kuelekea jikoni.

Kule jikoni alikutana na Shani, mwanamke kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa akikoroga sufuria ya maharage, mikono ya gauni ameipandisha hadi kwenye viwiko. Makovu ya moto yalionekana waziwazi. Zamani Shani hakuwa akipandisha mikono ya nguo, wala hakuwa akitoka kwenda misibani.

"Dada Fidea! Mwenzio siku hizi nalala dirisha wazi," alisema. "Yule mume wangu yuko nje ya lango letu toka asubuhi, analia eti alikuwa ananitania tu. Eti maneno yote yale utani. Amenichoma na maji ya moto kwa utani!" Akacheka kwa dharau, akakoroga maharage kwa nguvu. "Sikuwahi kumshtaki, dada, niliogopa. Lango lilimfungia lenyewe. Kila nikilala nakuombea dua."

Fidea alitoka uani akasimama karibu na mapipa ya maji. Aliigusa simu ya sikioni, akampigia Bwana Chusi.

"Mkuu, nahitaji kuwafuta mahasimu wote walioandikwa na mashine."

"Una wazimu? Na yule binti aliyechomwa je? Mume wake yuko langoni, nimemwona kwenye kioo sasa hivi. Ukifuta, ataingia kabla hujavuta pumzi."

"Basi nirudishe safu ya utani."

"Uirudishe kwa kutumia nini? Uliifuta, Fidea. Mashine haitakwambia tusi lipi ni la mapenzi na lipi ni la kuua, zote zimeandikwa kwa maneno yaleyale." Chusi alishusha sauti. "Kuna nini?"

"Baba yuko nje ya lango la Mitiki. Ameandikwa hasimu wa marehemu."

Chusi akaanza kuongea kama kaka mkubwa. "Pole, mdogo wangu. Lakini hilo ni jambo dogo. Fungua mstari wa mzee peke yake, andika sababu kuwa mlindwa amesamehe. Lango litafunguka, mzee atazika, mambo yameisha. Marehemu hawezi kubisha."

"Baba atausoma huo mstari. Ataamini Mzee Gama alimwandika, kisha akamsamehe."

"Si amesamehewa? Unataka nini zaidi?"

Ilikuwa njia nyepesi, na msidhani hakuitamani. Vidole vilikuwa tayari vimekigusa kibao chake cha kazi. Angeandika maneno mawili, baba angeingia, yeye angeendelea kuitwa mhandisi na kuombewa dua. Angeishi na mzee anayekwenda kaburini siku moja akiamini kwamba kwa miaka yote alikuwa akimuumiza rafiki yake. Asingetania tena mtu. Fidea alijua hilo kama anavyojua jina lake.

"Nitaandika kwamba ni uzushi, kwamba baba amezuliwa," alisema.

"Fidea, usifanye ujinga. Uzushi lazima nyumba ya mlindwa ithibitishe, na lazima umtaje mzushi. Na kifungu chake ulikiandika wewe mwenyewe: anayemzulia mwenzake uhasimu, hasimu anakuwa yeye. Milango ya nyumba ile itafungwa kwako. Na mtu aliyeandikwa mzushi hawezi kuigusa Kanzi, kazi ndiyo basi."

"Najua."

"Na watani wengine mjini? Utawafuata nyumba kwa nyumba, kila nyumba ikufungie mlango? Utabaki huna pa kuingia."

"Nitawafuata mmoja mmoja. Aliyetukanwa ndiye atakayesema kama ulikuwa utani, si aliyetukana. Shani akisema hapana, itabaki hapana. Nitaanza na nyumba hii."

*

Alirudi mkekani akapiga magoti.

"Mama, naomba uje langoni. Nina jambo la kusema, na nikilisema mara mbili sitaweza."

Wanawake waliguna. Mjane anyanyuke mkekani na maiti iko ndani? Shangazi mmoja alifungua mdomo kukemea, lakini Mama Kandida alikuwa ameshashika bega la Fidea, anajiinua. Walitembea taratibu, nusu ya msiba ikiwafuata nyuma.

Langoni Fidea alitoka nje akasimama karibu na benchi. Mama Kandida alibaki upande wa ndani, kiganja amekiweka kwenye kioo. Mzee Kihwele alipomwona aligeuza uso upande.

"Mjane, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Sikujua kwamba yanamuuma. Angeniambia ningeacha."

"Nini kinamuuma nani, Lazaro? Unasema nini?"

"Baba," Fidea alisema. "Mama. Mzee Gama hakumwandika mtu yeyote. Ni mimi."

Hakuna aliyemwelewa, ikabidi aeleze. Aliwaambia kwamba mashine ilisoma maneno ya watu, na kwamba yeye ndiye aliyeituma. Aliwaambia ilikuwepo safu ya kuwalinda watani na yeye akaifuta. Alieleza kwa maneno ya kawaida, bila kujificha nyuma ya ufundi, na kila sentensi ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia. Kisha akafika pale ambapo alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Wageni walisoma maneno yako, baba. Wakaniuliza kama huyu mzee ni mgonjwa wa akili. Sikusema kwamba ni baba yangu. Nilisema ni mambo ya kishamba. Walicheka, na mimi nikacheka."

Nyuma ya kioo mtu mmoja alisema "Mungu wangu" na akanyamazishwa.

"Osmundi hakusema kitu?" mzee aliuliza.

"Hakusema kitu, baba."

"Hakuniandika."

"Hakukuandika."

Mzee aliinama, paji la uso likagusa sufuria iliyokuwa mapajani, na mabega yakaanza kumtetemeka. Alilia kwa sauti, bila aibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Fidea alinyoosha mkono amshike, akaurudisha. Hakujiona kama ana haki hiyo.

Kilio kilipotulia, mzee aliinua uso. Sasa ndipo lile lingine lilipomfikia.

"Ulicheka," alisema.

"Nilicheka, baba."

Hakumgombeza. Laiti angemgombeza! Alimtazama kidogo tu, akatikisa kichwa, akaanza kuifunga upya kamba ya makopo.

Mama Kandida ndiye aliyesema na lango. "Mimi Kandida, mke wa Osmundi Gama, nasema huyu Lazaro si hasimu wa nyumba yetu. Ni mtani wetu. Amezuliwa."

"Nani amezua?" lango liliuliza kwa upole wake uleule.

"Fidea Kihwele," alijibu Fidea. "Msanifu wa Kanzi. Mimi mwenyewe."

Kioo kililifuta jina la mzee. Herufi zikarudi, HASIMU, na chini yake jina jipya, na picha yake, ile aliyopiga siku alipopewa cheo. Watu wote wa msiba waliisoma. Shani alikuwa miongoni mwao, mwiko bado mkononi, na Fidea aliona jinsi uso wake ulivyobadilika, akashindwa kuendelea kumtazama.

"Kwa hiyo wewe huingii," alisema Mama Kandida.

"Siingii, mama. Ila wewe ukisema umenisamehe, litafunguka."

Mjane alifikiri. Alikuwa mwanamke mwema, hilo hata leo hakuna anayelipinga.

"Nitakusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini si leo. Leo namzika mume wangu."

Lango lilifunguka. Mzee Kihwele alinyanyuka, akaweka sufuria kichwani, akairekebisha ikae upande. Alipita karibu na binti yake kiasi cha makopo kumgusa khanga, hakugeuka. Kioo kikajifunga nyuma yake.

Mwanzoni sauti haikutoka vizuri. "Mateka," alianza, akakohoa. "Mateka wangu yuko wapi?" Kisha ikamrudia, ikajaa mtaa mzima. "We Osmundi! Mvivu we! Hata kufa umekufa umelala! Nani kakuruhusu? Mmempaka mafuta yote haya ya nini, mnataka kumkaanga? Toka humo nilale mimi, nimetembea na jua!" Makopo yalilia, mtu akapiga kelele kwamba mzee anapanda juu ya jeneza, wanawake wakapasuka kicheko, na ndani ya kicheko hicho Fidea akaisikia sauti moja ikianza kwa kucheka na kuishia kwa kulia. Ilikuwa ya Mama Kandida, kilio chake cha kwanza tangu msiba uanze.

Fidea alisimama nje ameegemea kioo, anasikiliza. Nyimbo zilianza. Jeneza likafungwa, likanyanyuliwa. Hapo mzee Kihwele akaomba watu wasimame kidogo, na sauti yake haikuwa tena ya mchezo.

"Jambo moja, kabla sijampeleka mtumwa wangu. Aliyenifungia lango ni mwanangu Fidea. Nimemzaa mimi, nikamlea mimi. Kama kaona haya kuwa na baba kama mimi, mimi ndiye niliyeshindwa kumfundisha. Mwenye kutaka kumcheka, aanze na mimi. Nimesimama hapa, nichekeni."

Hakuna aliyecheka.